Shemeji Amesoma Nyuma ya Ukurasa

Kama hukunisoma wiki iliyopita, hukukosa raha yoyote. Mwenye roho nyepesi aruke ukurasa huu, aende kwenye habari za michezo.

Kwa kifupi ni hivi. Mimi ni mwanamke, kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na nimeajiriwa na kampuni ya malori ya kuhamisha watu vyombo. Dada yangu, wa tumbo moja, alikuwa anapigwa na mumewe. Kituoni walimwambia arudi wakayamalize nyumbani. Basi siku moja Shemeji akiwa dukani kwake anakouza vipuri vya magari, lori la kampuni yetu lilimhamisha Dada na binti yake wa miaka minne. Chumba kipya nilikitafuta mimi. Laini mpya ya simu nilimnunulia mimi. Wiki tatu zikapita, tukaanza kupumua.

Niliishia pale ambapo simu yangu ililia saa mbili asubuhi, nikiwa kwenye ngazi za ofisini. Ulikuwa ujumbe wa Shemeji.

"Shem, asante sana. Nimeshajua anakoishi. Lile somo lako la mezani limenisaidia."

Nilikaa palepale kwenye ngazi.

Somo la mezani nililijua. Mwaka jana, tulipokuwa bado tunakula pamoja kama ndugu, Shemeji alilalamika kwamba mshindani wake ana tovuti, lakini bei za jumla haonyeshi mpaka uwe na namba ya siri. Mimi na kiherehere changu nikavuta kompyuta yake. Nikamwonyesha jinsi ya kufungua nyuma ya ukurasa, kule kwenye maandishi ambayo mtu wa kawaida hayaoni. Bei zote zilikuwa humo, zimefichwa juujuu tu.

"Ona mjinga huyu," nilimwambia Shemeji huku nacheka. "Ameweka ulinzi upande wa mteja! Kila kitu kimeshafika kwenye kompyuta yako, halafu anakuomba usitazame."

Tulicheka mpaka Dada akatuambia tumwachie usingizi mtoto.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Miezi mitano baadaye, kwenye kampuni yetu ya malori, nilifanya vilevile.

Nilijua nafanya nini. Bosi wetu, tunayemwita Kamba kwa sababu alianza biashara na mkokoteni na kamba moja, alitaka mteja akiandika namba ya oda na namba yake ya siri aone vyombo vyake viko wapi, papo hapo. "Sitaki kile kiduara kinachozunguka," alisema. "Kikizunguka, mteja anakimbia." Na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Kwetu mwisho wa mwezi ndiyo vita, kwa kuwa watu wote wanahama siku moja.

Basi nikaona nirahisishe kazi. Orodha yote ya oda niipakie kwenye ukurasa, halafu ukurasa wenyewe, kwenye simu ya mteja, ndio ulinganishe namba ya siri. Ilikwenda kasi kama umeme. Kamba alinipigia makofi mbele ya madereva. Mimi nikajiambia nitarekebisha baadaye.

Baadaye ndiyo hiyo, imenikuta kwenye ngazi.

Nilisimama, nikapanda mbio hadi chumba cha seva. Humo anakaa mzee mmoja anayetunza mitambo. Madereva walimpa jina la Polepole, na yeye akalizoea. Alikuwa anafuta kibodi kwa kitambaa.

"Mzee, naomba uniangalizie nani amefungua ukurasa wa kufuatilia oda leo."

"Salamu kwanza, binti."

"Mzee, nakufa!"

Akaniangalia usoni, akatupa kitambaa. Alifungua kumbukumbu za seva, akashuka nazo kwa kidole.

"Watu ni wengi. Ila huyu mmoja ni wa ajabu. Ameingia saa kumi na mbili na nusu, amekaa dakika hamsini, na hakuna oda hata moja aliyoifungua."

"Basi hakuingia," nilisema. Nilitaka sana liwe kweli.

"Hakuhitaji kuingia." Polepole akafungua ukurasa wetu, akabonyeza vitufe viwili, na yale maandishi ya nyuma yakamwagika kwenye kioo. "Umemkabidhi mgeni funguo za vyumba vyote, ukamwomba afungue chake tu. Nilikuambia siku ile. Kazi ya kumkagua mtu ifanyike huku kwangu, kwenye seva, kabla hajapewa kitu. Ulinijibuje?"

Nilikumbuka nilivyomjibu. Nilimwambia yeye ni mtu wa zamani.

"Lakini oda ziko zaidi ya elfu tatu, Mzee. Angemwonaje Dada humo ndani?"

"Vyombo vilichukuliwa nyumba gani?"

Nikamtajia. Akaandika jina la mtaa anaokaa Shemeji kwenye sehemu ya kutafutia. Lilitokea jibu moja tu. Shemeji hakuhangaika hata kidogo. Alitafuta anwani yake mwenyewe, akasoma mbele yake vyombo vyake vilikwenda wapi.

Niliona jina la Dada kwenye kioo. Sikusoma mstari hadi mwisho, na kwa nini nisome? Chumba chake nilikitafuta mimi mwenyewe, hadi rangi ya mlango naijua. Nikaifunga ile kompyuta kwa kiganja, kana kwamba nikifunga mimi itafunga na ya Shemeji.

"Mpigie dada yako," Polepole alisema taratibu.

Simu iliita mara sita. Ya saba akapokea, cherehani ikinguruma nyuma yake.

"Mdogo wangu! Mbona mapema hivi?"

"Dada, simamisha mashine unisikilize. Amejua unakokaa."

Cherehani ikanyamaza. Nikamsikia mtoto anakohoa, kile kikohozi chake kikavu kilichomganda tangu wahame.

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe, kanitumia ujumbe. Mchukue mtoto, toka sasa hivi. Usifunge hata begi."

"Nitoke niende wapi?" Sauti yake ilikuwa imeshakonda. "Nina wapi mimi pa kwenda?"

"Kwangu. Ufunguo wa akiba si unao? Yeye kwangu hapajui, nimehamia mwezi uliopita tu. Ingia, jifungie, usimfungulie mtu yeyote. Nikija nitagonga mara tatu."

"Lakini amejuaje?"

Hapo ndipo ninapotaka mnihukumu. Yote mengine ni uzembe, lakini hili ni langu kabisa. Polepole alikuwa ananitazama. Kinywa changu kilikuwa na ukweli wote, kilichobaki ni kuutema.

"Sijui," nilisema. "Labda kuna mtu alimwona mtoto njiani."

"Mtoto hatoki nje." Akafikiri kidogo. "Au ni ile fomu ya kazini kwenu? Ile niliyojaza kwenye tovuti?"

"Hapana, Dada. Fomu haina shida. Fomu niliitengeneza mimi."

"Basi sawa, kama si fomu. Maana mimi kwenye fomu nili..."

"Dada, hakuna muda! Ondoka! Na ukifika uzime simu, huenda namba yako nayo anayo. Isije ikalia ukiwa mafichoni."

"Haya, haya. Usinigombeze, natetemeka."

Akakata. Polepole alikuwa bado ananitazama.

"Umemdanganya," alisema.

"Ningemwambia nini, Mzee? Kwamba mimi, msomi wa familia, ndiye niliyemkabidhi kwa muuaji wake?"

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa, akaingia Kamba na simu mbili mikononi, moja sikioni, nyingine inalia.

"Leo lori kumi na moja ziko barabarani," alisema kwa furaha. "Kumi na moja! Mbona mmekaa kama mko msibani?"

"Bosi," nilisema, "inabidi tufunge tovuti."

Alicheka. Kisha akaona sicheki, akakata simu ya kwanza. Halafu akakata na ya pili, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Rudia."

"Tufunge tovuti sasa hivi. Mtu yeyote anaweza kusoma wateja wetu wote wanakokaa. Majina, simu, anwani. Ni kosa langu. Niliweka ukaguzi upande wa mteja ili ukurasa uwe mwepesi."

"Leo?" Sauti ilipanda. "Siku ya mwisho wa mwezi? Unajua watu wangapi wanatazama lori zao saa hii? Watanipigia mimi! Wote! Si ungesubiri hata jioni?"

"Kuna mtu ameshasoma. Anamtafuta mkewe ampige. Mkewe ni dada yangu."

Kamba akamgeukia Polepole. "Ni kweli haya?"

"Ni kweli," Polepole akasema. "Na mimi ningepiga kelele zaidi siku ile. Nilisema mara moja nikanyamaza."

"Watu wangapi wamo humo?"

"Elfu tatu na mia mbili na kitu," nilijibu.

Akavuta kiti, akakalia ukingo wake. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyaandalia mgongo.

"Mama yangu mzazi yumo," alisema. "Nilimhamisha mwezi wa tatu. Anakaa peke yake."

Akaziweka simu zote mbili mezani.

"Funga," Kamba akasema. "Wakinipigia nitawaambia mitambo imekufa. Wewe utakaa hapo urekebishe mpaka iwe sawa. Ukimaliza, kadi yako ya mlangoni umwachie mlinzi."

Yaani nilimwaga unga, kazi ikaisha palepale, saa mbili na robo. Na cha ajabu, sikuumia. Niliona kama nimelipia kidogo.

Nilishusha tovuti. Pale palipokuwa na ukurasa wangu wa kasi pakabaki karatasi nyeupe yenye maneno mawili ya kuomba radhi.

Tukaanza kazi. Polepole upande wake, mimi wangu. Niliing'oa ile orodha yote kutoka kwenye ukurasa. Sasa ukurasa ulikuwa mjinga, haujui mteja hata mmoja. Kazi yake ni kupokea namba mbili na kuzipeleka kwenye seva. Seva ndiyo inayolinganisha, na ikiridhika inarudisha oda moja tu, ya huyo aliyeuliza. Ukikosea mara tano inakufungia. Jambo lenyewe dogo hivyo! Saa mbili za kazi. Saa mbili tu ndizo nilizokwepa siku ile.

Kila baada ya dakika nilitazama simu. Nje, akina dada wa mapokezi walikuwa wanajibu wateja, "Ndiyo, mama, mitambo. Ndiyo, baba, mitambo." Kamba alipita mlangoni mara nne.

Saa tatu na dakika kumi ukaingia ujumbe wa Dada.

"Tumefika kwako. Hakuna aliyetuona. Mtoto nimemlaza kitandani kwako, anakohoa lakini atalala. Nazima simu kama ulivyosema. Mungu akubariki mdogo wangu."

Nilimwonyesha Polepole. Machozi yalinitoka, sikujali. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilisikia njaa.

"Sasa aende," nilisema. "Aende akagonge mlango wa chumba kitupu mpaka mkono uvimbe."

"Akikuta patupu atarudi kukutafuta wewe," Polepole alisema.

"Aje. Atanikuta sina kazi, nina muda wa kutosha kumsikiliza."

Mzee akacheka, nami nikacheka, kicheko cha watu waliokoswa na gari. Hata Kamba alichungulia kuona kuna nini.

Saa nne na nusu tukawa tayari. Polepole akawasha ukurasa mpya kwenye kompyuta yake, watu wa nje wakiwa bado wamefungiwa.

"Jaribu," alisema. "Anza kwa kukosea."

Nikaandika namba ya oda ya Dada, ambayo naijua kwa moyo, na namba ya siri ya uongo. Ukurasa ukanikatalia. Nikafungua nyuma ya ukurasa, kule alikosoma Shemeji. Patupu. Hakuna jina, hakuna mtaa, hakuna chochote.

"Sasa jaribu ya kweli."

Namba ya siri ya Dada ni tarehe aliyozaliwa mtoto. Nikaiandika. Kile kiduara alichokichukia Kamba kikazunguka, kikazunguka, kisha ikaja oda moja.

Jina la Dada. Chini yake, mahali pa kuchukulia vyombo, nyumba ya Shemeji. Chini yake tena, mahali pa kushushia.

Nilisoma. Nikasoma tena.

"Kuna kosa," nilimwambia Polepole. "Seva yako imechanganya oda."

"Seva haijachanganya. Hicho ndicho kilichojazwa kwenye fomu. Kwani vipi?"

Mahali pa kushushia paliandikwa hivi: *Nyumba yenye geti la kijani, nyuma ya duka la rangi, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto.*

Ile si nyumba ya Dada. Dada anakaa chini, chumba cha uani, mlango wa kahawia.

Ghorofa ya pili mlango wa kushoto nakaa mimi.

Ndipo yale maneno niliyomkata yakanirudia sikioni. *Maana mimi kwenye fomu nili...* *Niliandika kwako.* Ndicho alichokuwa anataka kuniambia. Dada yangu hajasoma kompyuta hata siku moja, lakini alipoona fomu inamuuliza anakokwenda kujificha, aliogopa. Akaiandikia anwani yangu. Njia ya kwenda chumbani kwake akamwelekeza dereva kwa mdomo, barabarani.

Alikuwa salama. Wiki tatu alikuwa salama, na asubuhi hii alikuwa salama juu ya cherehani yake. Shemeji alikuwa anakwenda kugonga kwenye nyumba isiyo na mtu.

Mimi ndiye niliyeitia watu.

Ningemwambia tu, "Ndiyo, Dada, ni fomu," angenijibu, "Basi tulia, kwenye fomu niliandika kwako." Tungecheka, akaendelea kushona. Niliona haya. Kwa ajili ya haya zangu nikamtoa mafichoni na mtoto mgonjwa, nikampeleka kwa miguu yake hadi kwenye mlango ule ule ambao Shemeji ameandikiwa.

Nikampigia. *Namba unayopiga haipatikani.* Nikapiga tena. Haipatikani. Mimi ndiye niliyemwambia azime.

"Nini?" Polepole alikuwa amesimama. "Binti, sema!"

"Nimempeleka huko," nilisema. "Mzee, nimempeleka huko huko!"

Alitazama kioo, akanitazama mimi, akaelewa. Yule mtu wa polepole sijui alizipata wapi mbio zile. Alikuwa ameshashika simu ya mezani, anawapigia polisi, anawasomea anwani yangu kutoka kwenye ukurasa wangu, geti la kijani, nyuma ya duka la rangi. Kamba alikuwa mlangoni. "Twende na gari langu," alisema, "twende, twende!" Nilishuka ngazi zile zile za asubuhi mbilimbili, kiatu kimoja kikabaki juu.

Tulikuwa bado hatujatoka kwenye geti la ofisi, simu yangu ikalia mkononi. Nilipokea bila kutazama. Nilidhani ni Dada amewasha.

"Shem."

Sauti ya upole, ile ile ya mezani.

"Nipo mlangoni kwa dada yako," Shemeji alisema. "Nimelitafuta hili geti la kijani asubuhi nzima, nimegonga sana, pako kimya. Nikasema aa, Shem amenichezea, hapa hapana mtu. Nilishaanza kuteremka ngazi, wallahi."

Kamba aliwasha gari huku akiniuliza ni nani. Nikamfumba mdomo kwa mkono ili nisikie.

"Lakini sasa hivi," Shemeji akasema, "kuna mtoto amekohoa humo ndani."

Nami nikamsikia. Kikavu, mara mbili, kupitia simu yake. Kisha nikasikia kitasa cha mlango wangu kikizungushwa.